Waya hadi mwembeni

Kikundi: NYUMBA YA PONGWE

JUMAMOSI

[07:52] Zuhura: Asalaam aleikum familia. Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa wote. Nina jambo naomba tulizungumze leo, nimelala nalo.

[07:55] Mama: Wa aleikum salaam. Marahaba mwanangu. Niko sokoni, wewe sema tu, nitasoma nikipata nafasi.

[08:01] Zuhura: Jana alasiri nilikuwa kwenye kikao na ofisi, nimejifungia chumbani kwa sababu ndiko intaneti inakofika vizuri. Baba alikuwa chini ya mwembe kama kawaida yake. Kumbe akataka kuinuka peke yake, mguu wa kushoto ukamkatalia, akateleza akakaa chini. Akaniita. Sikusikia, nilikuwa nimevaa hedifoni. Omari ndiye aliyemkuta aliporudi msikitini. Hakuumia, nimemkagua mwili mzima. Lakini alikaa pale kwenye majani karibu nusu saa akiita jina langu.

[08:03] Mwanaidi: Subhanallah. Mbona hamkuniambia jana?

[08:04] Zuhura: Nilishindwa kuandika, dada.

[08:10] Zuhura: Nataka nihamishie kazi bustanini. Meza, kiti, kompyuta, vyote chini ya mwembe, niwe hatua mbili tu kutoka alipo. Yule wa mazoezi ya viungo alisema tangu kiharusi Baba anatakiwa atembezwe kila saa, hata dakika tano. Nikiwa pale nitamtembeza mimi. Kinachonikwamisha ni intaneti. Mwembeni simu inaonyesha kamstari kamoja. Nikifungua kikao sauti zinakatika, sura zinaganda, halafu natupwa nje kabisa.

[08:14] Omari: Dada, ile ekstenda, kile kifaa cha kusogeza waifai mbali, tuliyonunua Ramadhani je? Tuichomeke tena jikoni.

[08:15] Zuhura: Tuliichomeka Omari. Mistari ikajaa, intaneti ikabaki vilevile.

[08:19] Mwanaidi: Basi tumia bando la simu. Nitatuma hela ya bando kila wiki kutoka huku Muscat, msihesabu.

[08:22] Zuhura: Ahsante sana dada yangu. Ila kule nyuma hata mtandao wa simu unayumba. Na kikao cha video kinakula karibu GB moja kwa saa, mimi nina vikao vya saa tatu nne kwa siku. Hela yako itaisha na bado nitakatika.

[08:40] Salim: Nimesoma yote, nilikuwa kwenye daladala. Kwanza alhamdulillahi Baba hajavunjika. Pili, naomba msinunue kitu chochote leo. Hii ndiyo kazi yangu kila siku hapa Dar, na naona watu wanavyomaliza hela kwa kununua kabla ya kupima. Zuhura, weka WiFi Analyzer kwenye simu, ni programu ya kupima nguvu ya waifai. Anzia kwenye ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, tembea taratibu hadi mwembeni, uandike namba kila unaposimama. Zote zitakuwa hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo na nguvu.

[09:06] Zuhura: Kaka, hizi hapa.
Pembeni ya ruta sebuleni, -38
Jikoni, -63
Mlango wa nyuma, -71
Kwenye tangi la maji, -79
Mwembeni, -86

[09:11] Salim: Ahsante. Kwa kikao cha video sisi mafundi tunataka -67 au bora zaidi. Wewe umeshapita hapo kabla hujatoka nje ya mlango. Sasa jambo la pili. Ukiwa mwembeni fungua kipimo cha ping, kile kinachotuma swali fupi na kungoja jibu, uiulize ruta yenyewe, anwani yake 192.168.1.1, mara 50. Usiulize tovuti yoyote ya nje, ruta ya hapo nyumbani tu.

[09:20] Zuhura: Majibu 31 yamerudi, 19 yamepotea. Nikarudia nikiwa sebuleni, yamerudi yote 50.

[09:24] Salim: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Ruta iko hapohapo nyumbani na bado zaidi ya theluthi ya maneno yanapotea njiani. Kwa hiyo kosa halipo kwa kampuni ya intaneti, liko kati ya ukuta wa jikoni na mwembe. Usikubali mtu akuambie upandishe kifurushi. Mna megabiti 20 kwa sekunde, kikao cha video kinataka 4 hivi. Maji yapo tele, bomba ndilo halifiki bustanini.

[09:31] Shangazi Rehema: Salaam aleikum. Zuhura mwanangu, kaka yangu hajambo sasa? Huku Mombasa mwaka 2024 mwezi wa tano intaneti ilitutaabisha sote siku kadhaa, wakasema ni waya za baharini zimekatika. Isije ikawa ni yale yale?

[09:34] Zuhura: Shikamoo shangazi. Hajambo, amekunywa uji, sasa hivi anasikiliza redio.

[09:37] Salim: Shikamoo shangazi. Ile ilikuwa tarehe 12 Mei 2024, waya mbili kwa mpigo, EASSy na Seacom, huko kusini baharini. Hata sisi Tanzania tuliumia. Siku ile ungekaa juu ya ruta na bado usingepata kitu. Hii ya Zuhura ni tofauti, ukiwa sebuleni inakwenda vizuri. Ila umenikumbusha jambo, Zuhura aweke na kibando kidogo cha akiba kwenye simu kwa siku kama ile.

[09:45] Omari: Kaka, mbona ile ekstenda ilijaza mistari?

[09:53] Salim: Mistari ikijaa maana yake unaisikia ekstenda. Haina maana kwamba ekstenda inaisikia ruta. Pale jikoni yenyewe ilikuwa inapokea -63 ikiwa na bahati, na inasikiliza na kusema kwa mdomo uleule. Inachukua neno kwa ruta, ndipo inakurushia wewe, kasi inashuka nusu. Halafu kumbuka ruta ina sauti kubwa, simu na kompyuta zinanong'ona. Wewe unaweza kuisikia yenyewe isikusikie. Ndiyo maana kwenye kikao unawaona wenzako lakini wao wanasema umeganda.

[09:54] Zuhura: Ndivyo hasa inavyokuwa. Ndivyo hasa.

[10:02] Salim: Na katikati mna kuta mbili za tofali za saruji, banda la kuku la mabati, na lile tangi la lita 2,000. Maji yananyonya waifai kama sifongo, na mabati yanairudisha ilikotoka. Mwembe wenyewe majani yakilowa mvua ni ukuta mwingine.

[12:48] Mama: Nimefika nyumbani nimesoma. Sikulijua hili la kuita nusu saa, Baba yenu kaniambia "nilikaa kidogo". Salim fanya linalowezekana. Nina akiba ya kikoba, ichukueni.

[12:50] Mwanaidi: Mama, hela ya kikoba usiiguse. Mimi ndiye ninayelipa.

JUMAPILI

[08:30] Salim: Leo jaribu la bure. Omari, itoe ruta nyuma ya televisheni, ipeleke kwenye dirisha la chumba cha nyuma, juu, usawa wa pazia. Waya wa faiba ule mwembamba wa kioo unaoleta intaneti usiukunje kona, uzungushe kama unavyozungusha kamba ya ndoo. Ukiuvunja tumekwisha.

[09:15] Omari: Tayari. Mwembeni sasa -77.

[09:17] Salim: Umepata nafuu ya 9 kwa kuhamisha tu. Haijatosha lakini sebule yote bado ipo sawa?

[09:18] Omari: Sebule -55. Sawa tu.

[09:26] Salim: Basi inabaki njia moja ninayoiamini. Tuvute waya wa intaneti kutoka kwenye ruta hadi bustanini, mwisho wake tufunge kituo kidogo cha waifai cha nje, kile kisichoogopa mvua. Nimeshafunga vingi hivyo. Watu wanapenda vitu vya kurushiana hewani kwa sababu havichimbi, lakini kwa mtu ambaye kazi yake yote inategemea kikao kisikatike, waya hauna mpinzani.

[09:33] Mjomba Bakari: Salaam aleikum. Salim, umeme utatoka wapi kule? Mimi fundi umeme, na nakwambia mapema sipeleki volti 230 kwenye bustani ambayo dada yangu anamwagilia kwa mpira asubuhi na jioni.

[09:38] Salim: Shikamoo mjomba. Hatuhitaji. Kile kituo kinakula umeme mdogo, volti 24 tu, nao unapita ndani ya waya uleule wa intaneti. Tunauita PoE. Pale mwembeni hakutakuwa na soketi wala swichi. Kompyuta ya Zuhura itakaa na chaji yake, akiingia ndani adhuhuri anaichaji.

[09:41] Mjomba Bakari: Hapo umesema. Waya usipite juu hewani. Masika radi hapa zinapiga, waya wa juu kati ya nyumba na mti ni kuiita radi ndani. Tufukie kwenye paipu.

[09:44] Salim: Naam. Na kila upande tuweke kinga ya radi ya waya wa mtandao, wewe uiunganishe na ethi yako, ule waya wa ardhini. Faiba isingekuwa na hofu hiyo maana kioo hakipitishi umeme, lakini faiba haiwezi kukibebea kile kituo umeme wake.

[10:20] Mama: Sasa nisikilizeni. Mnachimba wapi? Kutoka dirisha la nyuma kwenda mwembeni moja kwa moja mnakata tuta la mchicha na mzizi mkubwa wa mlimao. Na mwembe haupigwi msumari. Aliupanda mama mkwe wangu, na Baba yenu hawezi kuona unapigwa msumari akanyamaza.

[10:24] Salim: Mama, wewe tuonyeshe njia, waya utafuata.

[10:41] Mama: Fuateni ukuta wa choo cha nje, mpite nyuma ya mchaichai, mshike uzio mpaka kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Ile nguzo ni ya chuma, imesimikwa kwa zege, iko hatua tano kutoka kwenye kiti cha Baba. Hapo fungeni mnachotaka.

[11:30] Mjomba Bakari: Nimefika na futi. Moja kwa moja ni mita 27. Kwa njia ya dada ni mita 41.

[11:32] Salim: Waya huu unakwenda mita 100 bila kulalamika. Mita 41 si kitu. Njia ya Mama ndiyo bora, tena haimwagiliwi.

[11:35] Zuhura: Ahsante Mama 🙏🏾

[17:10] Mjomba Bakari: Tumechimba mita 20 leo. Hii Pongwe yenu chini ni mawe ya chokaa matupu, jembe linarudi. Tumeomba sururu kwa jirani. Kina ni sentimita 40, penye mawe zaidi 30.

[17:12] Mwanaidi: Allah awalipe mjomba. Nisalimie viganja vya Omari.

JUMATATU

[10:05] Omari: Kaka niko dukani mjini. Kuna waya wa intaneti, Cat6 nyeusi ya nje, boksi, wanakata kwa mita. Bei nzuri kuliko uliyoniambia.

[10:06] Salim: Bei nzuri kuliko niliyokuambia ndiyo inanitia shaka. Omba kipande cha mwisho, kwangua waya mmoja kwa kisu. Uniambie rangi ya ndani.

[10:11] Omari: Juu nyekundu ya shaba. Nimekwangua, ndani nyeupe.

[10:12] Salim: Iache. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha intaneti lakini umeme unapungua njiani, na ikikaa chini ya ardhi ni rahisi kukatika. Tafuta duka jingine, ukwangue tena. Iwe shaba mpaka ndani.

[11:48] Omari: Nimepata, la tatu. Shaba tupu. Picha hii.

[11:49] Salim: Hiyo hiyo. Chukua mita 50, ziada tutaizungusha pale kwenye nguzo. Umefanya vizuri sana mdogo wangu.

[15:30] Salim: Kituo cha nje na UPS ndogo, ile betri ya akiba, nimevipakia kwenye basi la saa tisa, Omari akapokee stendi usiku. Ile UPS ina tundu la volti 12 kwa ajili ya ruta na tundu la volti 24 linaloingia kwenye waya wa bustani. Umeme ukikatika vyote viwili vinabaki hai saa mbili na nusu hivi.

JUMANNE

[14:02] Omari: Waya umepita kwenye paipu. Nimebana plagi pande zote mbili. Kipimaji kimewaka taa zote 1 hadi 8 kwa mpangilio. Lakini taa ya intaneti ya kituo inawaka, inazima, inawaka. Intaneti ikija inasuasua.

[14:04] Zuhura: Kipimo kinasema megabiti 2. Nimekaa mwembeni nataka kulia.

[14:06] Salim: Usilie. Omari piga picha plagi kwa karibu, kile kijiulimi kikiwa chini, nione rangi za nyaya.

[14:09] Omari: [picha]

[14:15] Salim: Nimeona. Umepanga hivi, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, bluu-nyeupe, bluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Macho yanapenda hivyo, kila rangi na ndugu yake. Lakini hizi nyaya zimesokotwa mbili mbili, na namba 3 na 6 lazima wawe pacha mmoja. Kwako namba 3 ni kijani-nyeupe na namba 6 ni bluu, hawajuani. Kila mmoja anaokota kelele za jirani. Kipimaji chako kinauliza tu kama umeme umepita, hakiulizi kama pacha wako pamoja. Ndiyo maana taa nane ziliwaka.

[14:16] Salim: Mpangilio ni huu, kutoka kushoto. Chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, BLUU, bluu-nyeupe, KIJANI, kahawia-nyeupe, kahawia. Pande zote mbili. Na usifumue ule msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo.

[14:18] Mjomba Bakari: Na mimi nilikuwa pembeni yake nikamwambia ni sawa. Miaka 30 ya umeme sikulijua hili.

[15:20] Omari: Kaka!!! Imekaa. Taa ya kijani haipepesi.

[15:22] Zuhura: Mwembeni -46. Ping kwa ruta 50 kwa 50. Kasi megabiti 18. Nimepima mara tatu, nimekaa kwenye kiti cha Baba.

[15:23] Mwanaidi: Allahu akbar 😭

[15:30] Salim: Alhamdulillahi. Sasa mambo madogo. Kile kituo kipe jina lake, kiitwe Mwembeni, kisishirikiane jina na ruta ya ndani. Mtu anayezunguka nyumba nzima ningempa jina moja, lakini wewe unakaa sehemu moja, na kompyuta ina tabia ya kung'ang'ania ruta ya ndani hata ikiwa mbali. Ruta ya ndani iwekeni chaneli 1, Mwembeni iwe 11, zisipigane. Na radi ikianza chomoa waya wa bustani kwenye ile UPS, kinga isikufanye ujisahau.

[16:02] Shangazi Rehema: Na jua je? Na mvua? Na maembe yakianza kuanguka juu ya kompyuta ya watu?

[16:05] Mjomba Bakari: Dada Rehema, makuti nimeshaagiza. Alhamisi tunapiga kibanda kidogo, nguzo nne.

[16:07] Mama: Wifi yangu, huyu kaka yangu tangu Jumapili hajakaa kwake. Namshukuru mbele yenu wote.

JUMATANO

[09:58] Zuhura: Familia, niko mwembeni tangu saa mbili. Kikao cha saa moja nzima kimekwisha, sikukatika hata mara moja. Bosi wangu ameuliza zile sauti za ndege ni za nini, nikageuza kamera nikamwonyesha mwembe, na Baba akampungia mkono wa kulia.

[10:00] Mwanaidi: Na mimi nataka kuona. Napiga video, pokeeni.

[10:17] Mwanaidi: Nimemwona. Nimemwona anatembea kutoka kwenye kiti hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akaishika, akageuka. Amepungua lakini anatembea. Tangu Januari nilikuwa namwona kitandani tu kwa sababu mlikuwa mnanipigia kutoka chumbani. Picha safi kabisa, nimeona mpaka mishipa ya mkono wake.

[10:19] Mama: Alijua unamwona ndiyo maana alijikaza.

[10:22] Salim: Zuhura, adhuhuri umeme wenu ukikatika niambie UPS imekaa muda gani. Nataka kujua kama hesabu yangu ni sahihi.

[10:24] Zuhura: Sawa kaka. Nitakaa na saa.

[10:41] Baba: [ujumbe wa sauti, 0:22]

[10:44] Shangazi Rehema: Kaka yangu, sauti yako nimeisikia, maneno ya mwisho sikuyapata. Zuhura, Baba yako amesema nini?

[10:47] Zuhura: Anasema Salim aje na watoto maembe yakiiva. Na anasema Omari asiifukie ile sururu ya jirani pamoja na paipu, airudishe.

[10:48] Omari: Nairudisha sasa hivi Baba.

[10:58] Zuhura: Saa tano inakaribia. Nazima kamera dakika tano, namnyanyua Baba twende mpaka kwenye nguzo.